Nataka Kuload

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukungu tena. Kutoka barazani mashimo ya dhahabu hayaonekani, unasikia tu watu wakiponda mawe huko ndani, utadhani wako chini ya maji. Napenda asubuhi za Tiira zikiwa hivi. Jovan hazipendi. Tangu Osire, mnunuzi mwenzake wa dhahabu, avamiwe nyumbani, mume wangu anaona mwizi kwenye kila kichaka. Na Osire alikuwa na bunduki! Alipiga risasi zikaisha, akabaki kupapasa mfukoni. Sasa amelazwa hospitali ya Tororo, na mguu wake hawajui kama utapona.

Kwa hiyo Jovan kaleta bunduki yetu, kibali na kila kitu. Anasema kupiga si kazi. Kazi ni kuload. Aliyemfundisha alisema load, basi hataki kusikia neno kujaza risasi.

Jumatano, 5 Machi

Somo barazani, na maganda matupu ya risasi. Risasi zikiisha kabisa, moja inatupwa kwenye tundu la juu kwanza, unafunga. Hizo nyingine unazisukuma kwa chini na kidole gumba, mojamoja, macho yako mlangoni. Si kwenye mikono!

“Mikono inajua yenyewe,” Jovan anasema. “Wewe angalia mtu.”

Nilikuwa mzito, nikaangusha mbili. Halafu ikakubali ghafla. Klik, klik. Nimeona aibu kidogo kwa jinsi nilivyofurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeota najaza samaki. Mbuta mkubwa wa Majanji, kule ziwani, amefungua mdomo kwa upole, anameza risasi nyekundu mojamoja, ananitazama. Hakuna aliyekuwa na hasira. Nimeamka kidole gumba kinasukuma shuka.

Mchana nikabambua njugu, kidole kilekile, mwendo uleule. Ajambo wa jirani akauliza nawaza nini. Nikasema siwazi. Kweli siwazi, na ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike ya leo kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Kuongeza salio la simu, kwetu Busia ya Kenya tunasema weka kredo. Huku Uganda wanasema load. Miaka yote hii katika ndoa nimejitahidi kusema kama wao, wasinicheke. Leo simu ilibaki na salio la meseji moja tu, nami nilitaka kumpigia mama. Nikamwandikia Jovan, yuko mashimoni: Nataka kuload, haraka tafadhali.

Yeye akasoma bunduki.

Akanipigia simu, nami nilikuwa kisimani, nimeiacha nyumbani. Mimi sipokei, yeye anakimbia. Niliporudi sikuigusa simu, nikachukua bunduki nifanye mazoezi kidogo, macho nimefumba, ukungu umeingia mpaka sebuleni. Raha tu. Halafu mihogo ikavunjika nyuma ya nyumba. Mtu anakuja mbio, bila hodi.

Sikuuliza nani. Mikono iliacha maganda, ikachukua zile nyekundu, risasi zenyewe. Moja juu, funga, mbili chini. Macho kwenye mlango kama nilivyofundishwa. Mlango ukafunguka, nikaona panga, nikaona kifua. Uso sikuutafuta.

“Umeload?” akauliza, akihema.

Ni sauti ya Jovan iliyonirudisha. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Jovan amemsimulia kila mtu. Mke wangu! Sekunde tu, tayari! Watu wamecheka hasa hiyo ya airtime, kwamba nilitaka salio tu, nami nimecheka nao. Hajui kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kifyatulio. Angekaa kimya kidogo tu, leo ningekuwa mjane. Nampenda huyu mtu, alikuja mbio kuniokoa na panga la kukatia nyasi.

Nilitaka kumwambia tukila. Akaniwahi: kapata mkanda wa kushika risasi ubavuni mwa bunduki, eti nitakuwa na haraka zaidi. Ananiita barazani. Nimejibu namalizia kuandika, na sina cha kumalizia. Nimwambie leo, kabla hatujaanza. Nimwambie aiuze hiyo bunduki.

Anakuja mwenyewe. Nasikia viatu vyake ukumbini, na kidole gumba kimeanza kusukuma kalamu