Si Mate Yako, Mama Ouma

Mke wangu mpendwa, Mama Ouma,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuomba mtu yeyote hapa mtaani Jericho anisaidie hata neno moja. Darasa la pili la zamani linashinda la nane la siku hizi. Basi isome mpaka mwisho, usinikatize kama unavyonikatiza nikiongea.

Siku ile wodini nesi alisema uvimbe wa taya la mjukuu wetu Akinyi una mdudu wake, na mdudu huyo hupita kwa mate. Nilikuona ukishika mdomo. Kesho yake ukapanda basi la nyumbani, nami nikasimama kama nguzo, maana kubembeleza sikufunzwa.

Najua ulichofikiria. Ulimlea Akinyi huko nyumbani tangu aachishwe titi, ukimtafunia nyama, ukimtafunia mahindi, ukimtilia mdomoni kwa kidole. Hata baba yake, Ouma wetu, ulimtafunia hivyo hivyo, hapa mlangoni, majirani wakicheka. Ukawajibu, "Meno yangu ni yake mpaka yake yaote." Siku hiyo nilikupenda sana, ingawa nilijifanya natafuta kofia.

Sasa sikiza. Nilimfuata daktari mpaka akaketi nami kwenye benchi. Wengine huogopa koti jeupe. Mimi nimewashonea wakubwa viatu pale soko la Kariokor, nimeona miguu yao.

"Huyo mdudu wa mate," nikamuuliza, "ni wa watu gani?"

"Wa karibu kila mtu. Hata wewe, mzee, unaye."

"Mimi? Mimi sijalala hospitali hata siku moja!"

"Yeye ndiye amelala ndani yako, tangu utotoni."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

Akanieleza. Mdudu huyo ni mdogo kupita vumbi. Huingia kwa kikombe, kwa busu, kwa watoto kunyang'anyana miwa. Akifika kooni hutafuta zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hujishikiza kwenye ngozi ya mmoja, huingia, hutulia. Nikasema, "Kama mpangaji wa nyuma ya pazia." Akasema hivyo hivyo, na hahami mpaka ufe. Kwa wengi hana neno. Lakini malaria ikimpiga mtoto tena na tena, mwili huchoka kumchunga mpangaji. Siku moja askari mmoja huharibika, akaanza kuzaana bila breki. Ndio uvimbe huo. Kwa nini Akinyi na si mtoto wa jirani, alisema hajui. Nilimpenda kwa hilo.

"Na asingetafuniwa?"

"Angempata tu, mzee. Kwa mtoto mwenzake, kwa kikombe."

Umesikia? Watoto watano uliwatafunia, wote wazima, na Ouma anabeba magunia kiwandani kama trekta.

Sindano zinafanya kazi. Taya limeshuka, nywele zimenyonyoka, anasema kichwa chake ni yai. Shida ni moja: hataki kula. Jana Ouma aliniambia, "Buda, amefunga mdomo tena." Daktari anasema asipopata nguvu sindano inayofuata itangoja, na uvimbe haungoji mtu. Nikatafuna nyama, nikampelekea. Nesi akanifukuza: dawa imepunguza askari wake, kwa sasa chakula kipondwe kwa kijiko safi, mate ya mtu hapana. Hata yangu! Nikaponda. Akinyi akasukuma mkono wangu. "Wewe si dana," akasema. Anataka nyanya yake, basi.

Mama Ouma, nyumba hii ni kubwa mno kwangu. Nalala upande wangu tu wa kitanda, wako sijaugusa. Wewe hukumuumiza mtoto. Wewe ndiye mtu pekee ambaye yeye humfungulia mdomo.

Nimemwambia unafika Jumamosi. Sijawahi kumdanganya mtoto, usinianzishe uzeeni.

Safiri salama.

Mimi mumeo,
Baba Ouma