Sahani Yangu ya Jikoni

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika kabla ya shikamoo maana nikianza na salamu najijua, nitaishia hukohuko. Shangazi hajawahi kunifukuza mezani. Mimi ndiye niliyeomba kula jikoni.

Sasa shikamoo mama. Kamwene. Mgongo unaendeleaje, na baba kikohozi kimemwacha? Tembo wameingia tena kwenye mahindi, au mwaka huu wametuhurumia? Mimi ni mzima. Huku Iyunga ni baridi tu, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi na vidole vinakataa kushika kalamu.

Ngoja nieleze. Siku ile ulipopiga simu uliniuliza nakulia wapi, nikasema jikoni. Ukauliza na nani, nikasema peke yangu. Ukasema, "Nilijua. Wifi yangu huyo namfahamu." Nafasi ya kukueleza nilikuwa nayo, sikueleza. Siku hiyo shuleni nilikuwa nimeitwa mbele kwenye mdahalo wa Kiingereza. Nikasimama, nikarudi kukaa, sijatoa hata neno moja, darasa zima likacheka. Nilitaka kurudi nyumbani, na kusema nimeshindwa niliona aibu. Nikaacha jiko la shangazi linisemee.

Ukweli ni huu. Jioni ya kwanza tuliketi wote mezani, mimi, shangazi, Tumpe mtoto wao, na anko mumewe kule mbele. Anko akaniwekea kipande cha nyama kwenye sahani kwa mkono wake, akaanza kuniuliza habari za masomo. Mama, unajua sisi tunavyokula, baba na wageni wake nje, wewe na mimi na bibi kwenye moto. Sijawahi kutafuna huku mwanaume mzima ananitazama. Kesho yake nikamwomba shangazi niwe nakula jikoni. Hakuuliza mengi. Alisema, "Na mimi ni wa Idodi kama wewe, au umesahau? Chukua kigoda."

Nilikula peke yangu siku tatu, na simu yako iliingia katika hizo. Ya nne akaja na sahani yake, akageuza ndoo, akaikalia. Tangu hapo anakuja kila siku. Tumpe naye akahamia, anko akabaki na taarifa ya habari. Juzi akachungulia mlangoni akasema, "Naona mmefungua mgahawa huku nyuma, mimi wa mezani sina mwaliko." Shangazi akamjibu kwamba mgahawa wetu hauhudumii watu wa viti. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mbele ya anko, mama.

Kilichonibana ni daftari. Mwalimu wa Kiingereza alituambia kila siku tuandike mambo madogo matatu yaliyotufurahisha. Mwanzoni nilikuwa naandika ya wenzangu, keki ya bethidei, safari ya Dar. Siku moja nikakosa la kunakili, nikaandika nusu parachichi kwa chumvi, ile nusu isiyo na kokwa ambayo shangazi hunipa mimi. Kesho yake nikaandika sweta la shule lililokaushwa karibu na mkaa, nikalivaa bado lina joto. Nikaandika mvua ikipiga bati, maana ikipiga kwa nguvu hakuna anayekuuliza mbona huongei, wote mnaota moto kimya mnatazamana tu. Baada ya wiki mbili nikayasoma yote pamoja. Karibu yote yametokea kwenye jiko lile nililoliacha lisemwe vibaya. Mwalimu aliniwekea vema kubwa nyekundu. Nilijiona kama nimeiba.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Maji ya Jumamosi ni ya kubeba, shangazi akikasirika mtaa mzima unajua, na darasani bado wanaiga Kihehe changu. Ila siku ikiisha nikipima, mazuri na mabaya yanakaribiana, na siku nyingine mazuri yanazidi kwa kitu kidogo tu kama kikombe cha chai ya tangawizi. Hilo linanitosha. Nataka kubaki hapa mpaka nimalize kidato cha nne.

Kuhusu Jumamosi. Ulisema mnakuja na baba kunichukua, na kwamba shangazi utamwambia yake mbele ya ndugu wa mumewe. Yeye anajua mnakuja kusalimia. Amefua mapazia, ameazima godoro kwa jirani, kila mara ananiuliza siku hizi mama yako anapenda kula nini. Nashindwa kumtazama. Mama, njooni, lakini njooni kama wageni. Hasira ukiwa nayo ni yangu, unigombeze mimi. Na baba mweleze kabla hamjapanda basi. Ukipata mlenda wa kukausha mletee shangazi, anausema sana.

Kwa simu nisingeweza, simu yenyewe ni ya shangazi, na mdomo wangu unaujua. Barua ataibeba jirani yetu anayekuja huko kesho kwenye msiba wa kwao.

Nisalimie bibi, mwambie soksi alizonifuma ndizo nalalia. Msalimie kaka Beni fundi baiskeli, mama mdogo na cherehani yake, na katekista aliyenifundisha kusoma somo la Jumapili, asisikie tu habari za mdahalo.

Ni mimi mwanao,
Sesilia

Mama, shangazi amerudi kutoka kwaya, namsikia anakung'uta viatu barazani. Siku zote nikimsikia anakuja naweka kitabu cha Jiografia juu ya karatasi. Leo nimeiacha wazi, maandishi juu. Kwa hiyo ukiipata hii, ujue yeye ameisoma kwanza.