Basi la Mia

Steji ya Mwembe Tayari,
Mombasa.
Ijumaa, Novemba 1997

Kwa dada yangu Jael,

Pokea salamu za ndugu yako Kaingu, ambaye mvua hizi zimemlowesha mpaka mifukoni lakini afya yake haijaingia doa. U hali gani wewe, na lile goti? Shemeji je, na kuku waliosalia? Mwanao Stacy ni mzima, ofisini kwa Naomi yuapiga chapa kwa kasi hata mashine yaomba maji. Nami mjomba wake namtazama kila siku kama ulivyonisihi, maana ofisi iko Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, na kwa mwendo wangu natoka steji nafika chai haijapoa.

Huku barabara ya Nairobi imekatika kwa mvua na mabasi yamelala steji. Sisi wakata tikiti twakaa twatazamana. Siku ilipokatika, basi moja lilizama kwenye tope, nikalivuta peke yangu kwa kamba ya kuanikia nguo, abiria wakiwa ndani. Mmoja alikuwa amelala, hakuamka, na mpaka leo yuabisha kwamba halikuzama.

Kwa kuwa kazi hakuna, nimeingia elimu ya kompyuta. Usicheke. Hapa steji hakuna anayenishinda, na nitakueleza ili mtu asikudanganye huko Kaloleni. Ndani ya kompyuta mna ubao mpana, waitwa ubao mama. Juu yake hukaa prosesa, ndiyo ubongo, na ubongo wa siku hizi, wa Pentiamu ya pili, umetiwa ndani ya kijisanduku, wachomekwa kama kaseti kwenye redio. Kando yake mna vichipu viitwavyo chipseti. Hivyo ni kama sisi watu wa steji: gari hatuendeshi, lakini sisi ndio tuamuao gari gani liingie, lipakie wapi na litoke lini. Ubongo uwe na mbio vipi, chipseti ikikataa, utakaa palepale upige honi tu. Na mwakani zaja chipseti mpya pamoja na prosesa za mbio mia tatu na hamsini, hata mia nne, ambazo ubao wa leo hauwezi kuzipa mbio zake zote. Anayetaka kununua na angoje. Hayo nayasema mimi, ingawa aliyeyasema kwanza ni Nicodemus.

Nicodemus ni mtu wa bara, fundi wa kompyuta katika kampuni ya malori huko Shimanzi. Ana kalamu nne kwenye mfuko wa shati na sijamwona akiandika hata na moja. Kompyuta ya Naomi ni kuukuu, ikiwashwa yakoroma, basi Nicodemus huja kila alasiri kuitazama. Kila siku aitazame, kwani ni mgonjwa? Akifika, Naomi humwekea chai katika kikombe cha maua. Mimi nimekwenda pale miaka mitatu, kikombe hicho nilipewa mara moja, na ilikuwa kwa makosa. Feni nayo hugeuzwa upande wake. Na mimi aniita Mzee Kaingu, mbele ya Naomi, kwa sauti ya heshima kabisa. Dada, mtu akikutukana kwa heshima utamjibu nini?

Sasa sikiliza. Jumatatu nilifika mlangoni, pazia limeshushwa, nikamsikia Nicodemus akimwambia Naomi asinunue sasa. Akasema basi la sasa ni sitini na sita tu, mwakani laja basi la mia, na akinunua hili la leo atabaki nyuma. Naomi akauliza kama fedha zake zitatosha. Nicodemus akamwambia asiwe na wasiwasi, watakwenda kulichagua pamoja.

Basi! Wanunua basi, wawili wao! Watu hawanunui basi pamoja kama hawajakubaliana kula sahani moja. Nikaona wazi: basi la mia kwa saa litasimama mbele ya meza yangu, Naomi ameketi kiti cha mbele, Nicodemus yuakata tikiti kwa zile kalamu nne. Tena mia ni mbio gani za kujivunia? Mimi nimepanda basi hapa kwenda Voi, lilikimbia hata kivuli chake kikatufikia kesho yake.

Nikarudi steji nikawatangazia madereva na makondakta wote kwamba kuna mtu wa bara aleta basi jipya la kutunyang'anya abiria, yuko ofisini kwa Naomi, na mtu yeyote asimfanyie kazi. Nilidhani wangekasirika. Lakini watu wamekaa wiki mbili bila safari! Walichosikia ni kazi tu. Jumanne alasiri nafika Mji wa Kale, naona foleni kutoka mlango wa Naomi mpaka kwa muuza kahawa, kila mtu na leseni yake mkononi. Bonface yule dereva alikuwa amevaa tai.

Nicodemus alidhani wamekuja kujifunza kompyuta. Akafurahi, akawakaribisha, akamuuliza Bonface ana ujuzi gani. Bonface akajibu kwamba ameendesha miaka kumi hajagonga hata mbuzi. Kisha akaomba aonyeshwe basi. Nicodemus akafunua kompyuta, akamwonyesha vijistari vyembamba juu ya ubao mama, akamwambia hili hapa, ila hili ni la zamani. Bonface akainama, akatazama sana, akauliza abiria watakaa wapi.

Ni Stacy aliyenieleza, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba njia ipitayo habari kati ya ubongo na kumbukumbu yaitwa basi, na mia ni mbio za njia hiyo. Kumbe Wazungu nao waliishiwa majina. Makondakta walinigeukia wakaniuliza tikiti za basi hilo nauza bei gani, na mtoto abebwe bure au alipiwe. Mpaka leo nikipita steji wanapiga kelele, "Mia! Mia! Bado mmoja!"

Walipoondoka, na Nicodemus akarudi Shimanzi, Naomi alimtuma Stacy dukani. Tukabaki wawili. Hakuwa akicheka. Aliniuliza, "Kaingu, hebu niambie. Wagombana na Nicodemus kwa ajili ya basi, au kwa ajili yangu?"

Dada yangu, nikamwambia kwa ajili ya basi.

Akasema, "Basi." Akageukia kazi yake.

Sasa nakuambia jambo ambalo usimsomee shemeji kwa sauti. Nilikuandikia kwamba Naomi amekubali, nawe ukawaambia wazee wajiandae kwenda kuposa kwao Ribe mwezi wa Desemba. Hajakubali. Hajakataa pia. Sijamwambia neno. Kila nikifungua mdomo nasema leo kuna joto, naye asema kweli kuna joto, nami naaga. Jana Stacy alinong'onezwa na Naomi kwamba Nicodemus amemwomba wafunge ndoa, na kwamba atamjibu Jumapili baada ya kanisa.

Kwa hiyo usingoje Desemba, wala wazee usiwangoje. Kesho asubuhi nenda Ribe peke yako kwa mama yake Naomi. Akikuuliza kama binti yake ameshaulizwa, usinipambe. Mwambie ndugu yako anampenda binti yake miaka mitatu, na hajamwambia kwa kuwa ni mwoga. Tumia neno hilohilo. Nami saa hiyo nitakuwa nimesimama mlangoni pa Naomi, na joto silitaji.

Barua hii ataileta Bonface, amepata gari la Kaloleni siku mbili hizi. Akianza kukuhadithia mambo ya ofisini, mwambie umeshayasikia. Mpe maji tu, chai usimpe.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani Auma aliyenikopesha mwavuli. Mwambie mwavuli ungali mzima. Na goti lako ulikande leo usiku, kesho una safari.

Ni mimi ndugu yako,
Kaingu Kalama