Barua Kumi na Moja Kutoka Dayton

Bonde la Stillhouse, Kentucky
14 Juni 1984

Mdogo wangu Carlis,

Salamu nyingi zikufikie huko Dayton, wewe, wifi yangu Nadine, na Renny, ambaye nadhani sasa ananyoa ndevu. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto lililoamua kuzeeka kabla yangu. Mvua zimetuandama, ila maharage yameota vizuri.

Najua unashangaa. Miaka mingi kimya, kisha bahasha yenye mwandiko kama kuku kaparua. Basi habari ya kwanza ni kwamba nimerudi shule. Usicheke! Tulikuwa watu wazima tisa, kila Jumanne na Alhamisi chini ya kanisa, tukitafuta cheti cha sekondari. Jiko la shule hapa halichukui tena mpishi asiye nacho.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, Bi. Estep, alitugawia karatasi za kusoma. Nikasema nimesahau miwani. Mzee Hobart Napier, aliyestaafu mgodini na kifua chake kibovu, akaniuliza kwa sauti mbona miwani hiyo naisahau na kanisani kila Jumapili. Watu wakacheka, nikataka kuondoka. Akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Keti, dada. Mimi nimesaini mshahara kwa msalaba miaka thelathini. Bora tuwe wajinga wawili."

Ndiyo, Carlis. Dada yako alikuwa hajui kusoma. Niliacha shule nikiwa na miaka tisa, ulipozaliwa wewe na Mama akalala kitandani mwaka mzima. Sikulaumu, mtoto hachagui siku ya kuzaliwa. Nyimbo za kanisani nilizikariri, na watu wote, hata wewe, hata Mama, mkaamini nasoma.

Darasa lilinichukua miaka miwili. Aprili hii Bi. Estep alitutaka tulete kutoka nyumbani kitu chochote kilichoandikwa kwa mkono, tuzoee mwandiko wa watu. Nikapeleka barua zako. Ziko kumi na moja, Mama alizitunza kwenye sanduku la mablanketi. Nilisoma ya kwanza pale mezani, nikashindwa kuimaliza, nikatoka nje.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mama hakujua hata herufi moja. Na barua za mtu aliyeshuka mgodini wakati wenzake wamegoma hazipelekwi kwa jirani zisomwe, unalijua bonde hili. Kwa hiyo kila zilipofika alinipa mimi. "Haya, soma, Verdie." Nami nikasoma! Nilishika karatasi nikasema yaliyonijia: hujambo, kiwandani kazi ipo, theluji imeanguka, unatusalimu sote. Pengine nilikutungia na mzaha ili Mama acheke. Nilikuwa mwanamke mzima wa miaka thelathini na miwili, nikaona aibu kumwambia mama yangu ukweli.

Sikujua kwamba katika ile ya kwanza ulieleza jinsi Renny alivyokuwa akiungua na homa, na daktari wa mgodi alivyokataa kumgusa mtoto wa mgomaji, ndipo ukashuka. Sikujua kwamba katika kila barua uliuliza kama Mama bado amekufungia mlango tangu alipokufukuza, au uje Mei, siku ya kupamba makaburi. Sikujua kwamba katika ya kumi na moja ulisema kimya chetu ni jibu tosha na hutatusumbua tena. Hiyo niliisoma kwamba umepata nyumba yenye bustani. Mama alifurahi sana.

Alipofariki miaka mitatu iliyopita, mwenye kampuni ya mazishi alikupelekea telegramu. Hukuja. Watu wakasema Carlis hana moyo, na mimi nikasimama katikati yao na sahani ya kuku mkononi, nikawaachia waseme. Hilo ndilo linaloniuma. Wiki iliyopita nilipokabidhiwa cheti walinipigia makofi, nikalia, Bi. Estep akadhani ni furaha.

Lakini Mama alikujibu, Carlis. Baada ya barua yako ya kwanza tu alinikalisha mezani, akanipa penseli, akasema niandike. Nikachora mistari tu. Alipotoka kulisha kuku, nikaitia karatasi jikoni ikaungua. Kila mwezi wa Mei alitandika kitanda chako, na usipokuja alisema kiwandani hawakukupa ruhusa. Maneno yake ninayo yote, maana asiyejua kuandika huweka vitu kichwani. Yamechelewa miaka kumi na minane. Haya hapa:

"Carlis, mwanangu. Niliyoyasema yalikuwa ya hasira, na hasira imekwisha. Sijui kwa nini ulishuka mgodini, wala sitakuuliza. Kitanda chako nimekitandika. Mlete mtoto nimwone. Na usije kwa kujificha. Njoo mchana, upite mbele ya nyumba zao zote, utanikuta nimesimama barazani, waone ninavyokupokea."

Hayo ni yako, nimekufikishia. Wifi Nadine msalimie kwa upole, na Renny mwambie bibi yake alimtaka. Afya njema iwe nanyi.

Ni mimi dada yako,
Verdie