Pampu Iliyofunguliwa Bila Mimi

Kabambare, Jumanne jioni

Nilikasirika kabla hata ya kushuka kwenye pikipiki, na sasa naona haya kidogo.

Pampu ya kijiji ilikuwa imekufa tangu Jumapili. Matope yalinichelewesha siku mbili. Nilipofika leo nilikuta mabomba yote yameshatolewa na kulazwa juu ya majani ya migomba. Mama Zaina, mkubwa wa kamati ya maji, alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa grisi.

"Nani amekuruhusu kufungua?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Fundi, tulikungoja. Watoto wakaanza kunywa maji ya mutoni. Ningengoja tena?"

Nikainama kutazama kazi yake. Tangu nitoke Tanga watu wa hapa wananicheka kwa Kiswahili changu cha kitabu, nikadhani kwenye mafunzo ya pampu niliyowapa hakuna aliyenisikiliza. Kumbe huyu alishika kila neno. Mpira wa kuzuia maji uliochakaa alishautoa na mpya alishautia, ila kinyume. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma mkono wangu kando.

"Wewe sema tu. Mimi ndiye nitafanya."

Nikasema, akaugeuza mpira, kisha akarudisha mabomba. Alasiri maji yakatoka, kwanza mekundu, halafu safi. Wanawake walipanga mabidoni yao, madumu ya maji, wakamshukuru yeye. Mimi hawakuniona.

Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Barabara bado inanitia hofu, maana vipuri vitatoka mjini Kasongo. Lakini lile swali lililonisumbua, la nani ataifungua pampu nikishaondoka, leo limejibiwa. Kesho nampelekea Mama Zaina sanduku zima la spana.