Taa za Juma

Mdogo wangu Zuhura,

Kosa la watu wengi wakikutwa na dhoruba ya mchanga barabarani ni kusimama na kuacha taa zikiwaka. Uniwie radhi kulitanguliza hili mbele ya salamu. Natumai presha imetulia na ukuta wa uani umekwisha. Sisi tu wazima, ila baridi imehamia magotini mwangu, na wajukuu nikiwaamkua kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza.

Jumapili nilimpigia mwanao Hamad huko Omani, nikamuuliza hufanyaje vumbi likimfunika na lori lake. Alicheka, akasema niliyezoea theluji nimwachie yeye jangwa.

"Mjomba, nasimama pembeni mwa lami, nawasha taa zote kama nyumba ya harusi, wenzangu wa nyuma wanione. Si ndivyo alivyokufa baba?"

Ndivyo. Na ndivyo ulivyomlea: kwamba mumeo Juma alikufa jangwani akiwawashia wenziwe taa. Ni ada ya madereva wetu kule. Huenda kwa msafara, na anayesimama hawazimii taa walio nyuma.

Maneno hayo nikampelekea Khatibu, yule dereva mwenziwe aliyekuletea nguo za marehemu. Siku hizi anakaa huku kwetu, mtaa wa Newtown, na kila Ijumaa tunasali safu moja. Nilidhani atacheka. Aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, ni mimi niliyemgonga Juma. Barabara sikuiona. Niliona taa mbili nyekundu, nikajua anakwenda, nikamfuata."

Juma alikuwa amesimama.

Kampuni iliandika kwamba ni vumbi, kwa kuwa vumbi halishitakiwi. Na Khatibu amefuturu mezani kwangu miaka yote hii. Sijamsamehe, wala usinihimize.

Sasa nikueleze vizuri. Aliyezama katika vumbi haoni barabara. Huona taa tu, na hudhani ni za gari linalokwenda. Kwa hiyo gari likiwa mwendoni, taa ziwake na mwendo upungue. Akitaka kusimama, atoke kabisa nje ya lami, mbali kadiri mchanga unavyoruhusu. Hapo avute breki ya mkono, azime taa zote, na mguu autoe kwenye pedali ya breki, maana nayo huwasha taa nyekundu za nyuma. Afunge vioo, abaki ndani na mkanda wake, kitambaa kibichi puani, mpaka lipite.

Nilimpigia Hamad tena nikamweleza yote. Alisema kuzima taa ni kuwatupa wenzake, na baba yake hakuwa mtu wa hivyo. Hadithi ile aliipata kwako, Zuhura. Wewe tu utaweza kuivunja. Najua hukubakiwa na kingi kingine cha Juma.

Barua hii naituma kwa mkono wa jirani anayesafiri kesho, maana la Khatibu nisingeweza kukwambia kwa simu. Nisalimie shangazi yetu aliyetulea, na binti yako mkunga, umwambie namwombea.

Mpigie Hamad leo hii, ukimaliza kusoma, umwambie akishatoka barabarani na kusimama, azime taa.

Kaka yako,
Salum