Povu la Maharage ya Mama Mkwe

Shoga, acha unachofanya usome. Nimejifungia bafuni, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unakumbuka mama mkwe alivyowatangazia majirani kwamba nawalisha wakwe zangu sabuni? Kisa, kila nikichemsha maharage yanatoa povu, basi eti sisuuzi sufuria. Nikamwambia mama, nimesoma, maharage yenyewe yana kitu chake cha asili kinachotoa povu kama sabuni. Akasema simu inanifundisha uvivu.

Leo kaamua kunionyesha. Kaisugua sufuria mwenyewe, kaisuuza, kainusa, kisha kaninusisha na mimi. Sufuria, shoga. Kaninusisha sufuria.

Akabandika maharage, akasimama mikono kiunoni. Yakachemka. Povu likapanda, likainua mfuniko, likamwagika mpaka moto ukazimika.

Tukabaki tunaliangalia povu tu.

Mara baba mkwe huyo, kachungulia jikoni. "Mkwe wangu, leo tena hujasuuza sufuria?"

Mama mkwe akanitazama. Macho yale sijawahi kuyaona tangu niolewe. Yule mama alikuwa ananiomba.

Nikasema, "Nisamehe baba, nilisahau."

Nilisahau. Mimi, ambaye leo hata kijiko sijagusa.

Mzee akaondoka anatikisa kichwa. Mama akawasha moto upya, akaniambia kwa sauti ya chini nikapumzike, atamalizia yeye.

Tumetoka kula sasa hivi. Shoga, sahani ya kwanza kanipakulia mimi, mume wake anatazama.